Kupima fupanyonga kwa mkono, utepe na timazi: mwongozo kamili kwa anayemhudumia mtu wa kiti cha magurudumu

Kwa mtu anayeshinda kwenye kiti cha magurudumu tangu alfajiri hadi usiku, fupanyonga, yaani mfupa mkubwa wa kiunoni, ndilo linalobeba kila kitu. Likilala nyuma, mgongo unakunjika, kifua kinabanwa na pumzi inakuwa fupi. Likiinama upande, bega moja linashuka, shingo inajipinda kutafuta usawa, na mfupa mmoja wa kukalia unabeba mzigo wa miwili. Hapa Goma tunaliona jambo hili kwa ukali zaidi, maana barabara zetu za makoro, yale mawe ya lava, hazimwachi mtu atulie. Kila mtikisiko unamsogeza mbele kidogo, turubai la kiti linalegea katikati, na baada ya miezi michache mwili umeshazoea kukaa vibaya.

Mfupa wenyewe hauonekani. Umefunikwa na nyama, mafuta, nguo, wakati mwingine na uvimbe. Eksirei ingeuonyesha, lakini ina gharama, mara nyingi hupigwa mtu akiwa amelala, na huwezi kuirudia kila unapobadilisha sponji. Kwa hiyo tunakadiria: tunagusa sehemu chache ambapo mfupa uko karibu na ngozi, tunapima, kisha hesabu ndogo inatuambia fupanyonga limekaaje.

Vitabu vina wastani wa kila kipimo, lakini wastani huo mara nyingi umetoka kwa watu wazima wenye afya wanaosimama na kutembea. Mtu aliyepooza tangu utotoni, au aliyevunjika mgongo miaka kumi iliyopita, ana umbo lake. Mlinganishe na mwili wake mwenyewe katika mkao mwingine. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya wazo hilo, na nimeuandika kwa ajili ya kine (mtaalamu wa tiba ya viungo), fundi wa viti, muuguzi, na hata ndugu wa nyumbani mwenye mkono mwangalifu.

Sehemu tano za kugusa

Ncha za mbele. Weka viganja juu ya viuno vya mtu, vidole gumba vikielekea mbele, kisha teremka polepole kwa kidole gumba hadi ukutane na nundu ngumu kila upande. Usiridhike na kugusa juu yake tu. Ingia kutoka chini kwenda juu, hadi kidole kikwame chini ya ncha. Hapo ndipo pa kupimia, kwa sababu ukingo wa chini hauna utata kama mgongo wa nundu.

Vishimo vya nyuma. Kwa watu wengi kuna vishimo viwili juu ya matako, na chini yake ndipo zilipo ncha za nyuma za fupanyonga. Kwa mnene au aliyevimba vishimo havionekani. Hapo fuata ukingo wa kiuno kwa vidole kutoka ubavuni kuelekea nyuma na chini hadi mfupa uishie kwenye nundu.

Ukingo wa kiuno ndio ule mstari wa juu unaoshika mkono mtu akisimama kwa ukali. Hutumika zaidi kuhakiki kuliko kupima.

Nundu ya paja iko pembeni, pale mfuko wa suruali unapoishia. Ili uipate, mshike mtu goti ulizungushe paja ndani na nje taratibu, na mkono mwingine uwe pembeni mwa nyonga. Utahisi nundu ikiteleza chini ya vidole. Kilele chake kiko karibu usawa mmoja na kitovu cha kiungo cha nyonga, na ndiyo maana ina thamani kubwa kwetu: fupanyonga likilala nyuma au mbele, linazunguka hapo.

Mwisho kuna mifupa miwili ya kukalia. Mtu akisimama, misuli ya matako huifunika. Akikaa, misuli hiyo husogea pembeni na mifupa hubaki karibu na ngozi. Hapo ndipo vidonda huanzia.

Kabla hujagusa

Omba ruhusa kwa maneno, na useme utakapogusa kabla hujagusa. “Papa, nitaweka vidole hapa mbele ya kiuno. Ukisikia kuumwa, uniambie.” Asiyesikia chochote kuanzia kifuani kwenda chini naye anahitaji kuambiwa, tena zaidi, maana hawezi kujua mkono wako uko wapi. Kwa mwanamke, mhudumu awe mwanamke ikiwezekana, au awepo mama, dada au rafiki aliyemchagua mwenyewe. Pazia liwepo. Kitenge chepesi kinatosha kufunika, na kinaruhusu vidole kuhisi.

Ondoa vyote vilivyo mfukoni na kiunoni. Mama anayefanya biashara kwenye Petite Barrière, mpakani na Rwanda, huenda amefunga pesa kwenye fundo la kitenge, na fundo lenyewe limekaa sawasawa juu ya ukingo wa kiuno. Simu mfuko wa nyuma, funguo, kitambaa kilichokunjwa chini ya tako moja “ili nikae sawa”: vyote vitoke. Hicho kitambaa kiandike kwenye karatasi kabla hujakitoa, upande gani na unene gani. Mtu huyo amekuwa akijirekebisha mwenyewe, na amekupa jibu la kwanza.

Vifaa si vya gharama. Chukua utepe wa fundi cherehani, rula ndefu ya chuma au mita ya seremala, pima maji, timazi (jiwe dogo kwenye uzi linatosha), plasta nyeupe ya kukata vipande vidogo vya kubandika kwenye alama, na simu yenye kalkuleta ya kisayansi. Kuna kifaa kimoja cha kutengenezewa na seremala: ubao ulionyooka wenye kisimamo kimoja kisichosogea na kingine kinachoteleza, kama ule wa kupimia urefu wa watoto kwenye kituo cha afya, ila mfupi, sentimita 50 hivi. Hicho kitapima umbali wa moja kwa moja kati ya nundu mbili. Utepe hauwezi kazi hiyo, kwa sababu unafuata mviringo wa nyama na kukuongezea sentimita zisizokuwepo.

Hakikisha pia sakafu. Nyumba nyingi za Goma zimesimama juu ya lava na saruji haikulala sawa. Weka pima maji chini. Kama kiputo hakikai katikati, tandika ubao, uuinue kwa vipande vya kartoni hadi unyooke, na upimie juu ya huo ubao.

Hatua ya kwanza: kitandani

Wengi huruka hatua hii na kwenda moja kwa moja kwenye kiti, kisha hawaelewi walichopima. Mlaze mtu chali juu ya kitanda kigumu au meza. Hapa hakuna uzito unaolisukuma fupanyonga, kwa hiyo unaona mwili ulivyo wenyewe.

Weka gumba moja kwenye kila ncha ya mbele. Je, ziko usawa mmoja kuelekea kichwani? Kama moja iko juu zaidi, jaribu kuivuta taratibu kwa mikono yote miwili. Ikirudi, mkao unarekebishika. Isiporudi hata kwa subira, huo ni mkao uliokauka, na kiti hakitaunyoosha.

Sasa kunja nyonga moja, goti likiwa limekunjwa pia, gumba lako likibaki juu ya ncha ya mbele ya upande ule. Paja litapanda bila fupanyonga kusogea, hadi mahali fulani ambapo ncha inaanza kuteleza chini ya kidole. Simama hapo hapo. Pembe kati ya paja na kiwiliwili kwa wakati huo ndiyo nafasi halisi ya nyonga yake. Kama nyonga inaishia kabla ya kufika pembe mraba, basi ukimkalisha kwenye kiti cha pembe mraba fupanyonga litalala nyuma, utake usitake. Namba yoyote utakayopima baadaye isomwe kwa kukumbuka hili.

Fanya vivyo hivyo na goti: nyonga ikiwa imekunjwa, nyoosha goti polepole huku ukilisikiliza fupanyonga. Misuli ya nyuma ya paja imeshikwa kwenye mifupa ya kukalia, na ikiwa mifupi inalivuta fupanyonga kwenda nyuma. Watu wengi wa baiskeli za kuendesha kwa mikono hukaa miguu ikiwa imenyooshwa mbele, na hapo mvuto huu hufanya kazi siku nzima.

Hatua ya pili: kwenye benchi

Mkalishe kwenye benchi ngumu isiyo na mgongo, nyayo zikikanyaga sakafu au kibao, mapaja yakiwa sambamba na sakafu. Msaidizi amshike mabega kwa mbele kama hawezi kujishikilia. Kama hana hisia matakoni, weka sponji nyembamba ya unene mmoja pote, na usimwache hapo muda mrefu. Ukiona unachelewa, mrudishe alale, apumzishe ngozi, kisha uendelee.

Bandika kipande cha plasta kwenye kila alama: ncha mbili za mbele, ncha mbili za nyuma, nundu mbili za paja. Andika vipimo vifuatavyo. Umbali wa moja kwa moja kati ya ncha mbili za mbele, tuuite *upana*. Umbali wa moja kwa moja kutoka ncha ya mbele hadi ncha ya nyuma ya upande uleule, tuuite *kina*. Kimo cha kila alama kutoka sakafuni. Na umbali wa mlalo kati ya ncha ya mbele na nundu ya paja, ukitazama kwa pembeni: shusha timazi kutoka kwenye ncha ya mbele, kisha pima kutoka kwenye uzi hadi kwenye nundu.

Pima kila kimoja mara tatu, ukiondoa mkono na kutafuta upya kila mara. Chukua namba ya katikati, si ya wastani. Ukikosea mara moja kwa sentimita tatu, wastani unalibeba kosa hilo; namba ya katikati inaliacha.

Pembe tatu

Fupanyonga linaweza kuondoka mahali pake kwa njia tatu, na kiwango cha kimataifa cha ISO 16840-1, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2006, kinataka mkao wa mtu aliyekaa uelezwe kwa pembe namna hii, ukitazamwa kwa pembeni, kwa mbele na kwa juu. Faida yake ni kwamba kine wa Goma na fundi wa Bukavu wakiandikiana “amelala nyuma digrii 18” wanazungumzia jambo moja.

Ya kwanza ni *kulala nyuma au mbele*. Toa kimo cha ncha ya nyuma kwenye kimo cha ncha ya mbele. Gawa kwa kina, kisha bonyeza sin⁻¹ kwenye kalkuleta. Tuseme ncha ya mbele iko sentimita 71 kutoka sakafuni, ya nyuma 66, na kina ni 16. Tofauti ni 5. 5 kwa 16 ni 0.3125; pembe ni digrii 18. Mbele iko juu kuliko nyuma, kwa hiyo amelala nyuma.

Kwa kina cha sentimita 16, ambacho hakiko mbali na watu wazima wengi, unaweza kuishi bila kalkuleta: tofauti ya sentimita 1 ni digrii 3.6, sentimita 2 ni 7, sentimita 3 ni 11, sentimita 4 ni 14.5, sentimita 6 ni 22. Namba hizi zinaonya pia. Kidole kikiteleza sentimita moja tu, umeshaongeza au kupunguza digrii 3.6. Usiandike kamwe “digrii 17.4” kwa kipimo cha mkono. Andika 17, na ujue moyoni kwamba ni kati ya 13 na 21.

Ya pili ni *kuinama upande*. Linganisha kimo cha ncha mbili za mbele, gawa tofauti kwa upana. Upana ukiwa sentimita 24, kila sentimita moja ya tofauti ni digrii 2.4 hivi, sentimita 2 ni karibu digrii 5. Kisha hakiki kwa ncha za nyuma. Kama ncha ya mbele ya kushoto iko chini lakini ya nyuma ya kushoto iko juu, fupanyonga halijainama. Pande zake mbili hazifanani, au umekosea alama. Rudia kugusa kabla hujajenga chochote.

Ya tatu ni *kuzunguka*, upande mmoja ukitangulia mbele. Nyosha uzi nyuma ya mtu, sambamba na ukingo wa benchi, kisha pima kutoka usawa wa uzi hadi kila ncha ya mbele. Tofauti gawa kwa upana. Sentimita 4 kwa 24 ni karibu digrii 10.

Hatua ya tatu: ndani ya kiti, ambapo nyuma hapafikiki

Hapa ndipo kazi huwashinda wengi. Mtu akishaegemea mgongo wa kiti, ncha za nyuma zimefichika. Ukiingiza mkono unamsukuma mbele, na unapima mkao ulioutengeneza wewe. Lakini ncha ya mbele na nundu ya paja bado zinafikika, na benchi tayari imetufundisha uhusiano wao na fupanyonga la mtu huyu.

Rudi kwenye vipimo vya benchi. Tazama mstari kutoka nundu ya paja kwenda ncha ya mbele. Tuseme ncha iko juu ya nundu kwa sentimita 7.4, na imetangulia mbele kwa 4.1. Gawa 4.1 kwa 7.4, bonyeza tan⁻¹: mstari umeinama mbele digrii 29 kutoka wima. Na wakati huohuo kwenye benchi, kwa ncha za mbele na nyuma, ulipata amelala nyuma digrii 4. Jumlisha: 29 na 4 ni 33. Hiyo 33 ni namba yake binafsi. Iandike juu ya kadi yake, kwa sababu inatokana na umbo la mfupa wake na haibadiliki kwa kubadilisha kiti.

Sasa muweke ndani ya kiti chake, aendeshe kidogo uani akae kama anavyokaa kila siku, kisha pima tena alama mbili zile. Ncha iko juu ya nundu kwa 8.2, imetangulia mbele kwa 2.2 tu. 2.2 kwa 8.2, tan⁻¹, ni digrii 15. Toa kwenye namba yake: 33 kutoa 15 ni 18. Ndani ya kiti amelala nyuma digrii 18, na hukugusa mgongo wake hata kidogo.

Kuna uhakiki ninaoupenda sana hapa. Urefu wa mstari wenyewe, kutoka nundu hadi ncha, haupaswi kubadilika. Zidisha kila kipimo kwa chenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo. Benchi: 7.4 na 4.1 zinatoa 8.5. Kiti: 8.2 na 2.2 zinatoa 8.5. Zimelingana, alama zako ni zilezile. Ukipata 8.5 mahali pamoja na 10 mahali pengine, kidole kilihama, na pembe uliyopata haina maana hata ikipendeza.

Mipaka yake uijue. Nundu ni ya paja, si ya fupanyonga, kwa hiyo paja likizungushwa ndani au nje inasogea kidogo. Weka magoti katika upana uleule kwenye benchi na kwenye kiti. Kama mtu ameinama upande au amezunguka, pima pande zote mbili na uchukue ya katikati yake. Na kama nyonga imetoka kwenye kiungo chake, jambo linalotokea kwa wengi waliozaliwa na ulemavu wa ubongo, nundu imehama pamoja nayo. Upande huo usiutumie.

Kwa asiyeweza kabisa kukaa benchini kuna makadirio ya kitabuni ya kitovu cha nyonga kutokana na upana: asilimia 30 ya upana chini ya ncha ya mbele, asilimia 19 nyuma yake, na asilimia 36 kutoka mstari wa katikati ya mwili. Kwa upana wa sentimita 24, ni 7.2 chini, 4.6 nyuma. Yalipatikana kwa watu wazima wasio na ulemavu, na huhesabiwa kwa kufuata mielekeo ya fupanyonga lenyewe, si ya chumba. Yatumie kama hatua ya kuanzia, na uandike kwenye kadi kwamba ni ya kitabu.

Mifupa ya kukalia

Mbinu rahisi ni mkono. Mwambie mtu, au msaidizi amsaidie, kuegemea upande mmoja. Ingiza mkono chini ya tako la pili, kiganja kikitazama juu, vidole vikiwa bapa, kisha arudi akae. Utauhisi mfupa waziwazi. Linganisha pande mbili: upande unaokubana zaidi ndio unaobeba zaidi. Lazima ukubaliane na hesabu ya kuinama upande. Kama hesabu inasema kushoto ni chini lakini mkono unabanwa kulia, mojawapo si sahihi, na mimi huanza kuushuku utepe.

Kujua umbali kati yao, weka kartoni ya mawimbi juu ya ubao, mtu akae juu yake kwa muda mfupi tu na nguo nyepesi, kisha mwinue. Patabaki vibonyeo viwili. Zungushia kalamu, weka nukta katikati, pima kati ya nukta. Kwa watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 10 na 14 hivi. Shusha pia timazi kutoka sehemu ya nyuma kabisa ya matako na utie alama kwenye kartoni: sasa unajua vibonyeo viko umbali gani kutoka mgongo wa kiti, na fundi wa sponji anajua mahali pa kuchimba. Mwenye kidonda, au mwenye ngozi iliyokwisha kubadilika rangi, haketi kwenye kartoni hata kidogo.

Magoti yanavyopotosha

Ukiona goti la kulia limetangulia la kushoto, usikimbilie kusema paja moja ni fupi. Pima kila paja kutoka kwenye nundu hadi mstari wa kiungo cha goti, pembeni. Yakilingana, fupanyonga limezunguka na magoti yanalifuata. Yakitofautiana, ama mfupa ni mfupi kweli, ama nyonga imetoka. Hilo la pili linahitaji daktari wa mifupa.

Na magoti hupunguza ukweli. Vitovu vya nyonga viko karibu zaidi kuliko ncha za mbele: kwa upana wa sentimita 24, kati ya nyonga na nyonga ni 17 tu. Kwa hiyo mzunguko wa digrii 10 unaonekana kama sentimita 3 kwenye magoti, wakati kwenye ncha za mbele ni zaidi ya 4. Anayetazama magoti peke yake hudhani tatizo ni dogo.

Kina cha kiti nacho kipimwe kila upande peke yake, kutoka nyuma ya tako hadi nyuma ya goti. Kata kiti kufuata upande mfupi, ukiacha vidole viwili kati ya ukingo wake na goti. Ukifuata mrefu, ukingo utasukuma goti lile la pili, na fupanyonga litavutwa mbele hadi lilale.

Kutoka namba hadi sponji

Kabla ya kukata chochote, igiza kwa mikono. Mtu akiwa benchini, viganja vyako vishike fupanyonga pande mbili, ulisukume taratibu kuelekea usawa na ulishike hapo huku mwenzako akiangalia kichwa, mabega na pumzi. Uso ukitulia na kichwa kikisimama, umepata mwelekeo. Akilalamika, akikaza mwili, au bega likianguka upande mwingine, umeenda mbali mno.

Kuinama upande kunakorekebishika: inua upande wa chini kwa kuweka sponji ngumu chini ya mfupa unaoshuka. Kuinama kulikokauka: jaza upande wa juu, ili uzito ugawanyike pande mbili. Mambo haya mawili yanapingana, na kuyachanganya ni hatari: ukiinua upande wa chini wa mtu aliyekauka, unarundika mzigo wote juu ya mfupa uleule uliokuwa unaumia. Ndiyo maana hatua ya kitandani haiachwi.

Kulala nyuma kunakorekebishika kunataka mambo mawili kwa pamoja: tegemeo nyuma, usawa wa vishimo, na kizuizi kidogo kwenye sponji mbele ya mifupa ya kukalia ili isiteleze. Tegemeo la nyuma peke yake linamsukuma mtu atoke kitini. Kulala nyuma kulikokauka, au nyonga isiyofika pembe mraba, kunataka pembe ya mgongo wa kiti ifunguliwe. Na turubai lililolegea libadilishwe au litandikwe ubao kabla ya yote. Juu ya turubai la namna hiyo hata fupanyonga zima huinama.

Ukishamaliza, pima tena ndani ya kiti kwa alama mbili zilezile. Kama ulianza na 18 na sasa una 8, andika. Kama una 16, umebaki ndani ya kosa la kidole, na haijathibitika kwamba umebadilisha kitu.

Ngozi na dalili za hatari

Kabla na baada ya kupima, tazama ngozi juu ya mifupa ya kukalia, kifandugu na nundu za paja. Kila mkao una mahali pake pa kuumiza: kulala nyuma huumiza kifandugu na mfupa ulio juu yake; kuinama upande huumiza mfupa wa kukalia wa upande wa chini. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Gusa kwa mgongo wa mkono utafute joto, ugumu, au ulaini usio wa kawaida, na tazama weusi au zambarau inayozidi ngozi ya jirani. Ukiviona, kazi ya kupima imekwisha kwa siku hiyo: mtu alale kwa ubavu au kifudifudi, mahali pale pasikaliwe, na muuguzi apaone.

Aliyeumia uti wa mgongo kifuani juu au shingoni anaweza kupata ghafla kichwa kinachopasuka, jasho usoni na msukumo wa damu unaopanda wakati unambana au kumkunja. Mketishe wima, legeza mikanda na nguo, angalia kama mpira wa mkojo umekunjika, ondoa chochote kinachombana chini. Msukumo usiposhuka upesi, mpeleke hospitali bila kungoja.

Kesi zenye mgongo uliopinda sana, nyonga iliyotoka, au kidonda kilicho wazi zipeleke kwa watu wenye uzoefu. Shirika la Umoja hapa Goma na Heri Kwetu kule Bukavu vimehudumia watu wenye ulemavu kwa miaka mingi. Nenda na kadi: namba yake binafsi, upana, kina, pembe tatu za benchi, pembe za kiti, tarehe, na nani alipima. Mtoto apimwe upya kila baada ya miezi mitatu au minne, kwa sababu mifupa yake inakua na namba yake binafsi inaweza kubadilika nayo. Mtu mzima apimwe sponji inapobadilishwa, uzito unapobadilika, anapotoka hospitalini, au siku atakapoanza tena kukunja kitambaa chini ya tako moja.